Kambo hakuloga mtu: ubongo unaozeeka na maumivu yasiyosemwa



Wiki hii nilikuwa nimetayarisha habari ya mitihani ya watoto wa mwaka wa sita. Itangoja. Alhamisi, baada ya mkutano wa kikundi, mama mmoja alibaki nyuma akinisaidia kupanga viti. Alingoja wenzake wote watoke, ndipo akaniambia kwamba kwao lupangoni wanataka kumfukuza mama mkwe wake. Ni mzee wa miaka 70 na zaidi. Usiku anaamka, anafungua mlango, anatembea. Mifuniko ya sufuria inapotea, kisha inaonekana chini ya godoro lake. Mtoto wake wa kuzaa anamwita kwa jina la marehemu baba yake. Wakimwogesha anapiga kelele na kuuma mikono ya mjukuu. Siku hizi anasema Kicokwe tu, lugha ya kwao upande wa Dilolo, na watoto waliozaliwa hapa Kolwezi hawasikii hata neno moja, basi wanaogopa. Mchungaji wa chumba kimoja cha maombi alikuja, akaomba, kisha akatamka lile neno mnalolijua. Mwezi uliopita mtoto mchanga wa jirani alikufa kwa homa, na sasa mambo hayo mawili yamefungwa pamoja kuwa jambo moja. Familia itakutana Jumapili.

"Mwalimu, wewe unayesoma vitabu," akaniuliza, "ni kweli?"

Nilimjibu pale pale, lakini nilijibu kwa haraka, na vibaya. Nilisema "hapana" kama mtu anayefukuza nzi. Hapana peke yake haitoshi mbele ya familia yenye hofu. Basi hapa ninajibu polepole, maana ninajua si yeye peke yake mwenye swali hilo. Mimi ni mwalimu, si munganga. Ninayoyaandika yametoka katika kazi za waganga wenyewe, na mengine yametoka nyumbani kwetu.

Nianze mbali, Ujerumani. Mwaka 1901 mwanaume mmoja alimpeleka mke wake, Auguste Deter, kwenye lopitali ya wagonjwa wa akili katika mji wa Frankfurt. Alikuwa na miaka 51 tu. Alianza kwa wivu usio na sababu, akaharibu mapishi, akaficha vitu vya nyumba, na usiku akapiga kelele. Munganga aliyempokea aliitwa Alois Alzheimer. Aliketi naye, akaandika kila swali na kila jibu. Siku moja mama huyo alikuwa anakula nyama ya nguruwe na shufleri. Munganga akamwuliza anakula nini. Akajibu: mchicha. Mama Auguste alikufa mwaka 1906. Alzheimer akapata kuuangalia ubongo wake kwa darubini. Aliuona umesinyaa, na ndani yake kuna mabonge ya uchafu kati ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo aliwaeleza waganga wenzake mjini Tübingen, nao hawakujali sana. Leo ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake dunia nzima.

Sasa linganisheni. Kuficha vitu. Kelele za usiku. Kutojua kilicho katika sahani. Mama wa Frankfurt hakujua Dilolo iko wapi, wala hakufundishwa na mtu yeyote wa huku. Ni ugonjwa uleule, unafanya mambo yaleyale, kwa sababu unaharibu sehemu zilezile za ubongo.

Nasikia tayari mama mmoja anasema: basi huo ni ugonjwa wa Wazungu. Hapana. Kule Tanzania, katika wilaya ya Hai chini ya mlima Kilimanjaro, waganga wa Tanzania na Uingereza walipita nyumba kwa nyumba vijijini, wakawapima wazee zaidi ya 1,100 wenye miaka 70 na kuendelea. Walitoa hesabu yao mwaka 2013: katika kila wazee 100, karibu 6 walikuwa na ugonjwa wa kupoteza akili ya uzee, ule ambao kwa Kifaransa tunauita demansi. Hawa ni wakulima wa kahawa na ndizi. Katika avenue moja ya Kolwezi yenye wazee wengi, fanyeni hesabu wenyewe.

Na hapa kwetu Kongo yupo Jean Ikanga, mtaalamu mwenzetu wa Kongo anayechunguza ubongo na tabia ya mtu. Anafanya kazi katika Chuo Kikuu cha Emory, kule Atlanta Marekani, na pia katika Chuo Kikuu cha Kinshasa. Yeye na wenzake walitafuta wazee wa Kinshasa, wenye ugonjwa na wasio nao, wakawapima akili na damu. Kazi yake ya kwanza iliyonivutia si damu, ni maswali. Maswali mengi ya kupima kumbukumbu yalitungwa Ulaya na Marekani kwa ajili ya watu waliosoma. Unamwambia kambo achore saa, na kambo hajawahi kushika kalamu. Anashindwa, nawe unaandika kwamba ni mgonjwa! Sisi walimu tunalijua kosa hilo: mtihani unaopima shule aliyotoka mtoto kuliko unavyompima mtoto mwenyewe. Ikanga akatunga vipimo vya Kiafrika, vyenye vitu ambavyo mzee wa huku anavijua, na kimojawapo ni cha mithali. Mzee anapewa mithali, anaombwa aeleze maana yake. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka kwa furaha, kwa kuwa kambo wangu, hata alipokuwa amesahau jina langu, alijua bado kunisema kwa mithali. Kule Hai nao walitunga kipimo chao kifupi cha mtu asiyejua kusoma: kupanga njiti za kibiriti kama ulivyoonyeshwa, kusema daraja ni kitu gani, kukumbuka maneno kumi uliyosomewa.

Katika damu, Ikanga na wenzake walitafuta alama za vile vitu viwili alivyoviona Alzheimer, mabonge na nyuzi, na tena alama za kitu cha tatu: uvimbe wa moto, ule ambao Wafaransa wanauita inflamasio. Watu waliopimwa damu hawakufika hata mia, basi ni kazi ya mwanzo. Lakini swali lao ni swali linaloulizwa leo katika maabara nyingi kubwa za dunia: je, ubongo wa mzee unaharibiwa na uchafu peke yake, ama pia na ule moto wa kuupiga uchafu?

Hapo nieleze vizuri, maana ndipo penye kiini. Ukitwanga sombe na mchi ukakupiga kidole, kidole kinakuwa chekundu, kinapata joto, kinavimba, kinauma. Alama hizo nne ziliandikwa na Mroma mmoja, Celsus, karibu miaka 2,000 iliyopita, na mpaka leo wanafunzi wa uganga wanazikariri. Uvimbe huo si adui. Ni mwili unapeleka askari wake mahali palipoumia, wasafishe na kujenga. Baada ya siku chache askari wanarudi, kidole kinapoa.

Ubongo nao una askari wake wa ndani. Wanaitwa mikroglia, na aliyewaeleza wa kwanza, mwaka 1919, ni Mhispania Pío del Río Hortega. Kazi yao ni kuzunguka mchana na usiku, wakiokota seli zilizokufa na uchafu. Katika ubongo wa kijana wanafanya kazi na kutulia. Katika ubongo wa mzee wanakuwa wepesi wa hasira na wazito wa kutulia. Wakikuta yale mabonge wanayazunguka, wanajaribu kuyala, hawayamalizi, nao hawaondoki. Wanaendelea kutoa maji yao makali ya vita, na maji hayo yanachoma hata seli nzima za jirani. Mnawajua walinzi wa namna hiyo: waliletwa kulinda kartye, mwisho wanasumbua wenye kartye.

Na jambo la ajabu ni hili: ubongo wenyewe hausikii maumivu. Kidole kinavimba, unalia. Ubongo unawaka moto miaka kumi, mwenyewe hajui, na ninyi hamwoni kitu ila mifuniko ya sufuria chini ya godoro.

Sasa shikeni jambo la pili. Askari wa ubongo wanasikia habari za mwili wote. Mzee akipata malaria, ama homa ya mapafu, ama ugonjwa wa njia ya mkojo, damu inapeleka habari juu, na wale askari waliokwisha kuchokozwa wanalipuka. Mzee aliyekuwa anasahau kidogo tu, kwa siku mbili anageuka mtu mwingine kabisa: anaona watu wasiokuwapo, anavua nguo, anatukana. Mara nyingine hana hata joto la mwili. Familia inasema, ameingiliwa. Kumbe ni mkojo. Mama zangu, hii ndiyo tofauti ninayoomba mwikamate: kusahau kwa kweli kunakuja polepole, miezi na miaka. Kuchanganyikiwa kwa ghafla, leo hivi na juzi hakuwa hivi, ni ugonjwa wa haraka, unaweza kuua, na mara nyingi unatibika. Huyo anakwenda kituo cha afya siku ileile, apimwe malaria, apimwe mkojo, aangaliwe kama anakunywa maji.

Nije kwenye maumivu, na hapa nitasema ya kwetu.

Kambo wetu alikaa nasi miaka yake ya mwisho. Alisahau kwanza soko, halafu njia ya kanisa, halafu sisi. Tulikuwa tumezoea. Lakini mwaka mmoja aliacha kula. Ukimletea bukari anasukuma sahani, sombe anaitema, dada yangu akimkaribia na kijiko anampiga mkono. Akawa anaugua usiku, sauti ya chini, mpaka watoto wakahamia chumba kingine. Katika familia yalianza maneno. Tantine mmoja alisema kambo hali mchana kwa sababu anashiba usiku, na mnajua ni chakula gani cha usiku wanachokisema. Nami, mwalimu mzima, nilinyamaza. Sikusadiki, lakini nilinyamaza, na mpaka leo kunyamaza kule kunaniuma kuliko maneno ya tantine.

Aliyetuokoa ni mama muuguzi mmoja mstaafu wa jirani. Alikuja kusalimu, akamwangalia kambo anavyoshika shavu. Akaosha mikono, akamfungua mdomo kwa upole akimwimbia. Jino la nyuma lilikuwa limeoza, na usaha chini yake. Lilikuwapo kwa karibu miezi mitatu. Likang'olewa. Wiki iliyofuata kambo alikula. Hakukumbuka majina yetu, ugonjwa wake haukupona, lakini kelele za usiku zilikwisha na mkono haukupiga tena mtu.

Fikirini: mtu ana jino bovu, na hana tena neno "jino". Hana neno "linauma". Ana mikono tu, na sauti. Mama yeyote aliyelea mtoto wa miezi sita anajua lugha hiyo, lakini mtoto akilia tunatafuta kinachomuuma, kambo akilia tunatafuta alilofanya.

Wanorwe walilipima jambo hili sawasawa. Katika nyumba 18 za kutunzia wazee, waganga waliwachukua wazee 352 wenye demansi na fujo za tabia. Nusu wakatunzwa kama kawaida. Nusu wakapewa dawa ya maumivu kwa utaratibu kwa wiki nane, na wengi wao hawakupewa kitu kikubwa, ni parasetamoli tu. Matokeo yalitoka mwaka 2011: fujo zilipungua kwa asilimia 17 kuliko kwa wale wengine. Parasetamoli, wamama! Ile inayouzwa kwenye kila farmasi ya avenue.

Lakini msikimbie farmasi bado. Parasetamoli ikizidi inaharibu ini, na mzee aliyekonda anahitaji kipimo kidogo kuliko kijana. Mwulizeni muuguzi kipimo chake. Zile dawa kali za uvimbe, ibuprofeni na diklofenaki, kwa mzee zinaweza kutoboa tumbo na kuchokesha figo. Mtu atauliza: kama ubongo unawaka, si tuuzime kwa dawa hizo? Waganga nao waliwaza hivyo. Marekani walijaribu kwa watu zaidi ya 2,500 wenye ndugu waliougua Alzheimer, wakakatisha majaribio mwaka 2004, na dawa haikuwakinga. Na wale wanaonunua vidonge vya dexa sokoni ili wanenepe, wasije wakasema mwalimu aliandika kwamba vinazima moto wa ubongo. Sikuandika.

Kitu kinachofaa ni kuangalia. Kambo anapogeuka mkali, jiulizeni: ni saa gani? Ni wakati wa kuogeshwa, wa kuinuliwa, wa kula? Angalieni uso ukimgeuza upande. Anakunja paji? Anazuia goti, anashika kiuno, anapumua kwa kukoroma akiwa macho? Tazameni mdomo, masikio, nyayo, kucha zilizoingia nyamani, makalio kama yana vidonda vya kulala. Mwulizeni amekwenda choo lini, maana hata kufunga choo siku nne kunaweza kumfanya mzee kuwa kichaa. Na mzungumzieni kwa lugha ya kwao. Mwenye ugonjwa huu mara nyingi lugha alizojifunza ukubwani zinatangulia kutoka, ile ya utotoni inabaki. Mama mkwe wa mwenzetu hasemi maneno ya ulozi. Anasema Kicokwe, na labda anaomba maji.

Wengine mliniuliza zamani kuhusu vumbi la migodi, na najua swali litarudi. Célestin Banza Lubaba Nkulu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Wabelji, walipima watu wa Kasulo yetu hii, ambako madini yalichimbwa hata ndani ya viwanja vya nyumba. Mwaka 2018 walitangaza kwamba watu wa pale, na zaidi watoto, walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko watu wa mahali pa mbali na machimbo. Kazi hiyo haikupima kumbukumbu za wazee, basi nami siwezi kusema kobalti imemla akili kambo wa mtu. Ninalojua ni kwamba waganga wa dunia waliokusanya kazi zote mwaka 2024 waliandika hewa chafu kati ya mambo 14 yanayoongeza ugonjwa huu. Katika hayo mengine ipo tansio ambayo haikutibiwa, sukari, pombe nyingi (wapenzi wa lutuku wasikie), kupigwa kichwani, masikio yasiyosikia, macho yasiyoona, upweke, na kutosoma utotoni. Hili la mwisho ninalirudia kila mwaka mbele ya wababa wanaoniambia binti ameshajua kuandika jina lake, inatosha.

Upweke nao tuuangalie hapa Kolwezi. Wazee wengi wetu ni wake na wajane wa wafanyakazi wa Gécamines, waliotolewa kazini mwaka 2003, zaidi ya 10,000 kwa mara moja. Mume alikufa, watoto wako kwenye machimbo ama Lubumbashi, kambo anabaki na wajukuu na ukuta.

Turudi kwa familia ya Jumapili. Sheria ya Januari 2009 ya kulinda mtoto inamwadhibu anayemshitaki mtoto kuwa mlozi. Kambo si mtoto, kifungu kile hakimtaji. Kwa hiyo kinga yake mnaishika ninyi wakwe na mabinti, mlio karibu na jiko. Nilimwomba mwenzetu aandike kwenye daftari, kabla ya mkutano, tangu lini kila jambo lilianza. Ameandika. Kusahau: miaka mitatu. Kutembea usiku: mwaka mmoja. Kuuma na kupiga kelele akiogeshwa: tangu alipoanguka karibu na kisima, mwezi wa tatu. Hapo ndipo mwenyewe alipoacha kalamu akanitazama. Tangu alipoanguka, hakuna aliyemwangalia kiuno wala bega.

Na mtoto wa jirani, Mungu amlaze, alikuwa na homa kali siku nne kabla ya kupelekwa. Hilo pia ameliandika, kwa herufi ndogo.

Jumamosi asubuhi tunakwenda kituo cha afya, yeye, mume wake, mimi na mama mkwe. Tutaomba apimwe tansio, malaria na mkojo, na damu pia, kwa sababu ukosefu wa vitamini fulani, ugonjwa wa tezi ya shingo na kaswende ya zamani vinaweza kuvuruga akili na vina dawa. Tutaomba waangalie bega. Mume alikataa kwanza, sasa amekubali, alipolisoma daftari. Mama mkwe mwenyewe amekubali pia, kwa Kicokwe, binti yake mkubwa akimfasiria, ila anasema hatoki nyumbani bila kitambaa chake cha kichwa cha bluu. Kitambaa hakijaonekana. Chini ya godoro tumekwisha kutazama, leo tunatazama ndani ya pipa la unga.